Kiti cha Karibu na Mlango

Msimamizi alikuwa na meza iliyoishinda nyumba yake. Meza ya watu wanane, ya mahogani, yenye miguu minene kama ya ndovu, ndani ya chumba ambacho kitanda na kabati vilikuwa vimeshakijaza. Alipewa na familia ya Wahindi aliyoipikia kule Muthangari, siku waliponunua meza ya vioo. Yeye na mume wake, aliyekuwa mlinzi wa geti la familia hiyohiyo, waliishi katika nyumba ya wafanyakazi nyuma ya nyumba kubwa, na ili meza iingie ilibidi dirisha ling'olewe na kurudishwa. Tangu siku hiyo, kila aliyeingia kwake alipita ubavuubavu, tumbo amelirudisha ndani. Na ukishakaa upande wa ukutani, hutoki mpaka aliyekaa karibu na mlango ainuke.

Jina lake nalijua, lakini sikuwahi kumwita kwa jina. Kanisani kwetu harusi haifungwi bila wasimamizi. Ni mume na mke waliokaa pamoja miaka mingi. Siku ya harusi wanasimama kando yenu, mke anakushikia maua, mume wake anashika pete, na baada ya hapo kazi yao haiishi. Mkikosana, hamkimbilii wazazi wala polisi. Mnapigia wasimamizi, na wao wanawakalisha chini. Huyu alikuwa amesimamia harusi nyingi hata kabati lake lilijaa vitenge vya kamati, vya kila rangi, na alikumbuka kila kimoja kilitoka kwa harusi ya nani na kama nyama ilitosha.

Kwa hiyo hata leo, miaka minne tangu nitoke kwa mume wangu, bado namwita Msimamizi. Sijui nimwite nini kingine.

Alikuwa mtu wa makelele. Alicheka mpaka mbwa wa jirani akabweka. Alipenda mieleka ya kwenye televisheni kuliko kitu chochote duniani, na wanaume wale wenye chupi za kung'aa wakirushana, alisimama juu ya kiti akipiga kelele, "Mvunje! Mvunje huyo!" halafu jioni hiyo hiyo akafunga kitambaa kichwani na kwenda kufundisha wake wa kanisa juu ya upole. Chai yake alijifunza kwa yule mama mkubwa wa Kihindi: tangawizi iliyotwangwa, iliki, maziwa mengi. Lakini ugali wake ulikuwa wa kwao magharibi, mgumu wa kuvunja dirisha. Alimkemea kila mtu, pamoja na mwenye nyumba. Mtu mmoja tu hakumkemea, na huyo ni mume wake.

Mzee alikuwa mwembamba, mpole, wa maneno machache. Akila samaki, alitoa miiba kwanza, akaweka minofu kwa sahani ya mke wake, ndipo akaanza kula kichwa. Nilimwona akifanya hivyo mara ya kwanza nikafikiri ni kwa sababu kuna wageni. Nikamwona mara ya pili, ya tatu, ya kumi. Siku moja nikamuuliza Msimamizi, "Kwani huwezi kujitolea miiba?" Akanishangaa. "Ati wanaume wengine hawatoi?"

Hapo ndipo shida yote ilipoanzia, na nimechukua muda mrefu kuielewa. Msimamizi hakuwa mjinga. Alikuwa tu ameolewa na mtu mzuri tangu akiwa msichana, na akafikiri ndoa zote ni hiyo yake, ila zingine zimeingia vumbi. Ukipangusa, zinang'aa.

Kupangusa kwake kulikuwa na sheria. Sheria ya kwanza, hasikilizi mtu mmoja. Mke akimpigia simu akilia peke yake, alisema, "Mkiwa wawili nitasikia," akakata. Aliona hiyo ndiyo haki. Sheria ya pili, kila mmoja anammiminia mwenzake chai kabla ya neno lolote. Sheria ya tatu, mnasema yote, bila kuficha, na kinachosemwa kwa meza kinabaki kwa meza. Alikuwa akiigonga ile mahogani na kidole: "Hapa tunaacha. Hatubebi kwenda nayo nyumbani."

Niseme ukweli, nilimtafuta mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto wangu Nekesa hajafika miaka miwili, tunaishi chumba kimoja nyuma ya Dagoretti Corner. Baba Nekesa alikuwa amenipiga mara ya sita au ya saba. Nilimaliza kidato cha nne na alama nzuri, siyo kwamba sijui kuhesabu. Niliacha kuhesabu kwa sababu kila mara alinipa sababu mpya ya kuanza upya. Nikasema, twende kwa wasimamizi. Akakubali haraka mpaka nikafurahi. Mimi! Nikafurahi!

Tulitembea mpaka Muthangari Jumapili mchana, amembeba mtoto mabegani. Tulipoingia alinipisha kwanza, kama bwana mwenye adabu, kwa hiyo nikaishia ukutani na yeye akakaa karibu na mlango. Akanimiminia chai vizuri. Sukari kijiko kimoja na nusu, anavyojua napenda. Msimamizi akamtazama Mzee kama kusema, unaona? Hawa hawajaharibika.

Kisha akanigeukia. "Mama Nekesa, anza wewe. Usimwogope mtu. Toa yote."

Nikatoa yote. Kofi la siku ya ubatizo. Simu aliyoivunja. Siku aliyonifungia ndani na mtoto akaenda kazini na funguo. Mkono aliouzungusha nyuma mpaka ukalia. Nilisema nikilia, na Baba Nekesa naye akalia, akapiga magoti pale mlangoni kwa sababu ndipo nafasi ilipokuwa. Mzee alitazama mikono yake. Msimamizi akatuombea, akatupa kazi ya nyumbani: kila mmoja ataje mambo matatu mazuri ya mwenzake kila asubuhi kabla ya chai.

Tukarudi tumeshikana mikono. Nakumbuka jua, nakumbuka mtu anauza mahindi ya kuchoma, nakumbuka Baba Nekesa akininunulia moja.

Tulipofika ndani alifunga mlango, akaweka funguo mfukoni, akakaa kitandani. Akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Sasa rudia."

"Nirudie nini?"

"Yote uliyosema kwa meza ya watu. Moja moja. Anza na la ubatizo."

Nikarudia. Kwa kila moja alinilipa.

Mara ya pili tulipoenda Muthangari nilivaa mikono mirefu, na nikasema tuko sawa. Nikasema mazuri matatu bila kukosea. Msimamizi alipiga makofi, akaninyanyua kunikumbatia juu ya pembe ya meza mpaka kikombe kikaanguka. "Nilijua! Hii meza haijawahi kushindwa!" Nilimchukia siku hiyo kuliko nilivyomchukia mume wangu. Mume wangu nilishamjua. Yeye nilikuwa nimemtegemea.

Mara ya tatu ni Nekesa aliyesema, na hakusema neno. Alikuwa mapajani mwangu, akafikia kikombe, kikapinduka. Chai ikatambaa juu ya mahogani, ikamwagikia miguu yake. Haikuwa ya moto sana, lakini ilikuwa na moto wa kumliza mtoto yeyote. Hakulia. Hakunitazama mimi. Alimtazama baba yake, kisha akajiziba mdomo na mikono yote miwili.

Msimamizi alikuwa amesimama na kitambaa cha kupangusa. Akabaki hivyo hivyo, kitambaa hewani, chai ikidondoka sakafuni. 

"Baba Nekesa," akasema mwishowe, "mtungi wa gesi uko kule mbele. Nenda na Mzee mniletee."

Baba Nekesa akatabasamu. "Mama, si ulisema hapa hakuna kuongea na mtu mmoja mmoja? Sheria ni yako."

"Ni yangu. Hata meza ni yangu. Inuka."

Mzee alishasimama, akamgusa bega, si kwa nguvu. Wakatoka. Msimamizi akasikiliza nyayo zao zikienda kwenye kokoto. Kisha akainama karibu nami, akanuka tangawizi.

"Ile siku ya kwanza, mlipofika nyumbani. Ilikuwa aje?"

Nikatazama mlango. Nikavuta mkono wa blauzi juu, kidogo tu.

Alikaa. Yule mwanamke mnene, mwenye kelele, alikaa kama gunia lililokatwa kamba. "Ni mimi," akasema. "Mimi ndiye nilikwambia useme." Akatazama kiti changu, akatazama ukuta, akatazama kile kiti cha mlangoni. "Na kila mara unakaa hapo ndani. Nimewakalisha wanawake wangapi hapo ndani, Mungu wangu."

Sikuwa na nafasi ya kumfariji.

Akajipangusa uso na kile kitambaa cha chai. "Sikia, na usikie haraka. Hii meza usije naye tena. Akitaka mrudi, nitasema nimesafiri. Usimwambie unaondoka. Usimtishe, usimuage, usimwandikie barua ya uchungu kama mnavyopenda. Kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho chako, ulete kimoja kimoja. Nitaweka kwa kopo la unga. Siku ikifika utatoka kama mtu anaenda kununua maziwa."

"Lakini umesema ndoa..."

"Nimesema mengi. Nyamaza, wanarudi."

Ilinichukua wiki tano. Nilipeleka karatasi ndani ya nepi, nguo za mtoto mbili mbili, nikisema Wahindi wa Muthangari wananipa kazi ya kufua. Baba Nekesa aliipenda hiyo kazi kwa sababu ilileta kitu. Siku ya kutoka ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, jua kali, watu wengi barabarani. Yeye alikuwa kazini. Mzee alikuja Dagoretti Corner na sare yake ya mlinzi, akabeba mfuko mmoja, akatembea nyuma yetu hatua kumi kama mtu asiyetujua, mpaka tukapanda matatu kwenda chumba walichotutafutia mtaa wa mbali. Sufuria zangu niliziacha. Moja ilikuwa na maharagwe bado ya moto. Hiyo ndiyo sufuria ninayoikumbuka mpaka leo. Si mume, ni sufuria.

Huo ni uongo. Mume naye namkumbuka. Jumapili nikimwona baba wa mtu amebeba mtoto mabegani, namfuata kwa macho mpaka apotee. Sikumbuki yule wa "rudia". Namkumbuka yule wa mahindi ya kuchoma, na najua ni mtu mmoja, na kujua huko hakusaidii chochote.

Kanisa halikumsamehe Msimamizi. Wazee wa kanisa walimwita, wanne, wamekaa safu moja. Wakamuuliza ni kwa nini amevunja ndoa aliyoisimamia mwenyewe. Mzee alinisimulia alivyojibu, ndiyo siku pekee nilimsikia akiongea zaidi ya sentensi mbili. Alisema mke wake alisimama, akafunga kitenge vizuri, akawaambia, "Mimi nilisimamia harusi. Mazishi sikusimamia, na sitaki kuanza na ya huyu." Wakamwambia basi apumzike. Hakuna aliyemwomba tena kushika maua. Na alikuwa akipenda! Jumamosi za harusi alisimama getini akisikiliza honi za magari yenye riboni zikipita, na uso wake ulikuwa kama wa mtoto aliyeachwa nyumbani.

Msidhani alikuwa malaika. Mwaka ule wa kwanza, tukiwa tunakula kwake, aliniambia vizuri kabisa, akijichotea mboga, "Lakini na wewe pia una mdomo, Mama Nekesa. Mdomo wako pia ulichangia."

Nikaweka kijiko chini. "Mdomo wangu?"

"Nasema tu."

"Ulioniambia niufungue, au mwingine?"

Nikachukua mtoto wangu nikaondoka, na sikurudi miezi minne. Nilikuwa nimepata kazi ya kupika chai katika ofisi moja Upper Hill, na kila asubuhi nikitwanga tangawizi nilimtukana kimoyomoyo. Kisha siku moja nikamkuta chini, mapokezi, amevaa kitenge cha harusi yangu, amebeba kopo la chapati mapajani. Walinzi walikuwa wamemwambia asubiri, na alikuwa amesubiri tangu saa mbili.

"Mzee amesema nimekosa," akasema. "Nikamwambia hapana. Akasema tena. Mzee hasemi kitu mara mbili." Akanisukumia kopo. "Mdomo wako uko sawa. Ni masikio yangu."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Aliendelea kuwashauri wasichana wa mtaa, lakini alibadilisha kazi. Hakukalisha tena watu wawili. Alimpokea mmoja, mchana, na kabla ya kumimina chai alimkalisha karibu na mlango, yeye mwenyewe akajibana ukutani na unene wake wote. Wakimuuliza sababu, alisema joto. Na bado alilia kwenye harusi, bado alisema mwanamke asiyejua kupika maharagwe atamfukuza hata mlinzi, bado alishangilia mieleka. Nilitamani awe amebadilika mzimamzima. Hakubadilika mzimamzima. Alibadilika pale alipoona.

Mara ya mwisho kumwona ni majuzi, kabla ya mvua kuanza. Nilienda na neno nililokuwa nimelibeba wiki mbili. Mchungaji alikuwa akinipigia. Baba Nekesa ameokoka. Ameacha pombe, ingawa hakuwahi kunipiga akiwa amelewa. Anataka tuanze ushauri wa ndoa, siyo wa kanisani, wa kisasa, kwa mtaalamu aliyesoma, ofisini huko huko Upper Hill, jengo la tatu kutoka kazini kwangu. Anaomba mara sita tu. "Mara sita, dada," Mchungaji alisema. "Utamnyima mtoto baba kwa sababu ya mara sita?" Na mimi, mwenye mdomo, nikamwambia nitafikiria. Kodi nalipa mwenyewe, shule nalipa mwenyewe, lakini jioni nikizima taa nilikuwa nimeanza kuwaza samaki. Mtu wa kunitolea miiba. Labda mtaalamu ndiye alikosekana. Labda sisi tuliharibiwa na meza.

Geti la Muthangari lilikuwa limezungushiwa mabati yenye picha ya ghorofa refu. Wahindi walikuwa wameuza, wamehamia kwa watoto wao. Nyumba ya nyuma ilikuwa bado imesimama, vitu vyao vimefungwa kwa magunia. Msimamizi na Mzee walikuwa wanarudi kwao magharibi keshokutwa. Viti vilikuwa nje uani. Ndani ilibaki ile meza, na kando yake msumeno.

"Haipiti," Msimamizi akasema. "Dirisha lilishawekwa vyuma, fundi anasema akate. Miaka yote hiyo, itatoka kama kuni." Alikuwa amekonda. Kicheko kilikuwa kilekile. "Ingiza viti viwili vitatu, tunywe ya mwisho."

Nikaingiza. Mzee akamimina. Nekesa, ambaye sasa ana miaka sita na magoti yenye makovu ya kuruka kamba, alikuwa akipita chini ya meza, anatokea huku, anatokea kule, akiita, "Kukhu! Kukhu, niangalie!" kama wajukuu wote wa huko kwao wanavyoita nyanya.

Nikamweleza yote. Mtaalamu, ofisi, mara sita. Nilieleza vizuri, kama mtu anayeomba ruhusa. Msimamizi alisikiliza akizungusha kikombe.

"Hiyo ofisi ni nzuri?"

"Iko na makochi."

"Huyo mtaalamu atakuwa amesoma kunishinda, hiyo ni lazima. Mtasema yote pale, sawa. Mkitoka pale mtaenda wapi? Na funguo iko na nani?"

"Anasema amebadilika."

"Labda. Mungu ana kazi zake. Mimi sijui." Akaangalia meza. "Mimi niliwahi kujua, ukaumia. Sasa sijui."

Nilikasirika. Nilikuwa nimetoka mbali na nilitaka aniambie. Nilitaka mtu mmoja duniani apige ile mahogani na kidole aseme ndio au hapana, ili nikikosea iwe kosa lake tena. Nikafungua mdomo kumwambia hivyo, na hapo Nekesa akachomoka chini ya meza kwa kasi, kichwa kikagonga ubao, kikombe changu kikaruka.

Chai ikatambaa. Ikapita katikati ya mahogani, ikaenda mpaka pembeni, ikaanza kudondoka. Sisi watu wazima watatu tukawa mawe. Mzee alikuwa na birika mkononi. 

Nekesa akasugua kichwa chake. Akaangalia ile chai. Hakumwangalia mtu yeyote.

"Uwiii," akasema. "Kukhu, kitambaa kiko wapi? Na imebaki ingine?"

Msimamizi alimpa kitambaa. Mtoto akapangusa vibaya, akisambaza kuliko kukausha, akiimba wimbo wa shule. Msimamizi hakuniambia "umeona?" Alikuwa anamtazama tu, machozi yanashuka, bila kujipangusa, kwa sababu kitambaa kilikuwa na kazi nyingine.

Baadaye akaniambia nichague kiti. Meza inakatwa, lakini viti vinapita mlangoni, nichukue kimoja. Nikachukua kile cha karibu na mlango. Wakanisindikiza mpaka kwenye mabati, Mzee akanibebea kiti mpaka pale, akakishusha, akanishika mkono na mikono yake miwili. Msimamizi akasema, "Haya, mwanangu, wasalimie ofisini," kama mtu nitakayemwona Jumapili. Sijamwona tena. Simu yake huko mara nyingi haishiki, na ikishika anapiga kelele hadi sisikii kitu.

Nilibeba kiti kichwani hadi Dagoretti Corner. Pale stendi, ninapopandia matatu ya kwangu, nilikuwa nimechoka. Nikakiweka kando ya barabara, watu wakipita, nikakikalia, kiti cha mahogani chenye mgongo mrefu, kama chifu aliyefukuzwa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza nyanya akanicheka, "Madam, umekuja na ofisi yako?" Nikacheka na mimi. Simu ikaita. Mchungaji.

"Dada, umefikiria?"

"Nimefikiria. Sitakuja."

"Hata mara moja tu, mkae chini..."

"Nimekaa chini, Mchungaji," nikasema. "Niko sawa."

Nikakata. Nekesa akaniegemea gotini, akaangalia huku na kule barabarani.

"Mama, tunangoja nani?"

Nilitazama upande wa Muthangari kidogo.

"Hatungoji mtu," nikamwambia. "Napumzika. Shika mguu wa kiti, twende nyumbani."